Nzi Hana Saa

Kuna episodi moja ya CSI, ya msimu wa kwanza, iliyotoka mwaka 2000. Wengi wetu huku Kakamega tuliiona miaka mingi baadaye kwenye DVD za duka la muvi, zile ambazo jina limeandikwa kwa mkono na herufi moja imekosekana. Mwanamke ameokotwa mlimani akiwa amefungwa ndani ya blanketi, na mabuu wameshaingia kazini. Gil Grissom, mkubwa wa makachero anayependa wadudu kuliko watu, anahesabu umri wa mabuu hao na kupata siku tatu. Hesabu hiyo inamfaa mume kabisa, kwa sababu siku tatu zilizopita alikuwa mbali na nyumbani.

Grissom hatosheki. Anatafuta nguruwe aliyekufa, anamfunga blanketi kama vile mwanamke alivyofungwa, anamweka nje, anakaa naye kungoja nzi. Kumbe blanketi liliwachelewesha nzi siku mbili nzima. Siku tatu zinakuwa tano, na mume hana tena pa kujificha.

Nimeirudia episodi hiyo mara tatu mwaka huu, na kwangu bado ndiyo stori bora zaidi ya nzi iliyowahi kupita kwenye televisheni. Mpelelezi alikuwa na jibu mkononi, jibu zuri la namba, lakini akaenda kumuuliza nzi mara ya pili katika hali ileile ambayo nzi alifanyia kazi. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Tatizo ni wajukuu wa episodi hiyo, ambao wametapakaa kila mahali: muvi, series, podikasti za mauaji, hadi riwaya. Siku hizi mtu wa maabara anainua buu kwa kibano, anamkodolea macho kwa sekunde nne, halafu anatangaza: huyu alikufa Jumanne, kati ya saa tatu na saa nne usiku. Muziki unaingia. Mshukiwa analia.

Hakuna aliyeuliza Jumanne kulikuwa na joto kiasi gani. Blanketi lilipewa episodi nzima. Joto, ambalo lina usemi kuliko blanketi, halipewi hata sentensi moja.

Naelewa kwa nini hadithi hizi zinatunasa, hasa sisi Wakenya. Tumekulia kwenye nchi ambamo shahidi hubadilisha maneno, faili hupotea na ripoti ya daktari inaweza kuandikwa upya. Mabaki ya Julie Ward yalipopatikana Maasai Mara Septemba 1988, daktari aliyeyachunguza aliandika kwamba kulikuwa na alama za kukatwa. Mkubwa wake serikalini akaibadilisha ripoti ili isomeke kana kwamba ni kuraruliwa, yaani kazi ya wanyama. Neno moja tu. Grace Musila ameandika kitabu kizima juu ya kesi hiyo, *A Death Retold in Truth and Rumour* (2015), na anaisoma jinsi mhakiki anavyosoma matini: nani anasimulia, nani anafuta, na kwa nini uvumi wa mitaani wakati mwingine hushika mahali ambapo karatasi ya serikali imeachia. Ukikisoma kitabu hicho utaona kiu ya nchi nzima ya kupata shahidi mmoja tu ambaye hawezi kuitwa ofisini akapewa chai.

Basi nzi anaingia. Hana kabila, hana simu, hana mkopo wa benki. Anafika kwenye mwili kabla ya chifu, mara nyingi ndani ya dakika chache kukiwa na mwanga na joto, na anataga mayai kwenye pua, macho, mdomo na vidonda. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Methali inamtazama anapokufa. Mpelelezi anamtaka pale anapozaliwa.

Ila shahidi huyu ana bosi mmoja, na bosi wake ni joto.

Nzi tunaomzungumzia ni yule mnene anayeng'aa kijani au buluu kama rangi ya gari jipya, si yule mdogo wa kwenye mandazi. Yai lake linaangua, buu anatoka, anakula na kuambua ngozi mara mbili, kwa hiyo ana hatua tatu za ubuu. Akishiba anatambaa kando kutafuta mchanga mkavu, anajifunga ndani ya ganda la kahawia, na baadaye anatoka nzi mpya. (Nasema mabuu kwa makusudi. Ukisema funza huku kwetu, watu wanaanza kuangalia vidole vya miguu.) Mdudu huyu hana joto lake mwenyewe la mwili kama sisi. Anakua kwa joto analopewa na mahali alipo. Kukiwa na baridi anajikokota. Joto likishuka karibu na nyuzi 10 za sentigredi, spishi nyingi husimama kabisa. Likipanda anaharakisha, mpaka mahali fulani juu ya nyuzi 35 ambapo joto linaanza kumtesa badala ya kumkuza.

Fikiria sufuria ya githeri. Umeingia jikoni ukakuta maharagwe yamelainika nusu. Mtu akikuuliza yalibandikwa saa ngapi, huwezi kujibu kwa kuyabonyeza tu. Lazima ujue moto ulikuwa wa nini: kuni mbichi, makaa, ama gesi. Maharagwe yanakuambia yamepokea moto kiasi gani. Hayakuambii yameupokea kwa muda gani. Buu ni vivyo hivyo.

Wataalamu wana njia ya kuhesabu jambo hili na si ngumu. Unachukua wastani wa joto la siku, unatoa kile kiwango ambacho chini yake buu hakui, kinachobaki unakijumlisha siku baada ya siku. Wanaita nyuzi-siku. Tuchukue namba za kufundishia tu, si za spishi yoyote: tuseme buu anahitaji nyuzi-siku 100 kufika hatua aliyokutwa nayo, na kiwango chake cha chini ni nyuzi 10. Wastani wa joto ukiwa 21, kila siku anaweka akiba ya 11, kwa hiyo amechukua siku tisa na kidogo. Ukiwa 18, anaweka 8, na siku zinakuwa kumi na mbili na nusu. Ukiwa 24, saba. Buu ni yuleyule, kwenye chupa ileile, na hajadanganya hata kidogo. Aliyebadilisha tarehe ni yule aliyejaza pengo la joto kwenye karatasi.

Siku tatu si kitu kidogo. Kwa siku tatu mtu anatoka Malava, anashuka Mombasa, analala, anarudi. Kwa siku tatu kijana anakuwa shahidi ama anakuwa mshukiwa.

Nataka tukae Kabras kidogo, si kwa sababu ni nyumbani tu, bali kwa sababu ni mahali pazuri pa kuona jinsi stori za televisheni zinavyovunjika. Tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Mchana jua linaweza kufika nyuzi 27 au 28, usiku tunashuka hadi 14 au 15 na mtu anatafuta sweta. Alasiri mvua ya radi inapiga, na ikipiga nzi hawaruki. Halafu kuna miwa. Kutoka barabara ya Kakamega–Webuye kwenda ndani pande zote ni miwa, mirefu kuliko mtu, na inakaa shambani mwaka na nusu hivi kabla ya kukatwa. Mtu akitupwa humo, anaweza kuonwa na mchungaji, na harufu, au na wakata miwa wenyewe wakifika kwenye mstari wake.

Ndani ya miwa kuna hali ya hewa nyingine. Ukiingia saa saba mchana kutoka barabarani, unahisi ngozi inabadilika: kivuli, unyevu, majani makavu yaliyolala chini kama mkeka, siafu wakipita. Jua haligusi ardhi. Nje ya shamba, mita ishirini kutoka hapo, lami inachemka. Sasa, joto litakaloandikwa kwenye ripoti, kama litaandikwa, litatoka wapi? Kituo cha hali ya hewa kiko Kakamega mjini, kilomita ishirini na kitu kusini mwa Malava, na vipimajoto vya vituo vya namna hiyo hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, juu ya nyasi fupi, kwenye kimo cha kifua cha mtu. Hiyo ni hali ya hewa ya sanduku. Buu wetu alikuwa amelala chini, kwenye majani ya miwa, Chegulo ama Butali, na mwili mzima wa binadamu kama nyumba.

Na hata nyumba hiyo ina moto wake. Mabuu wakiwa wengi, mamia kwa maelfu wamesongamana wakila, wanatoa joto. Rundo lao linaweza kuwa na joto la nyuzi kumi na zaidi kuliko hewa iliyo nje. Kwa hiyo baada ya siku chache za mwanzo, kipimajoto cha kituo kinaweza kuwa kinasoma 18 wakati buu yuko kwenye 30. Ukija na namba ya kituo peke yake utasema amekaa siku nyingi kuliko alizokaa.

Ongeza jambo jingine ambalo muvi hazitaki kulisikia. Mmoja wa nzi wa kawaida wa Afrika, *Chrysomya albiceps*, ana mabuu wenye vinundu kama miiba, na mabuu hao wakikua hula mabuu wa spishi nyingine. Waliofika mwanzo, wale ambao umri wao ndio uliotakiwa kortini, wanaweza kuliwa na waliofika baadaye. Hapo shahidi namba mbili amemmeza shahidi namba moja. Mwandishi gani wa hadithi za upelelezi angeiacha stori kama hiyo ipite? Karibu wote wameiacha.

Halafu mwili unapelekwa mochwari. Kwenye friji mabuu hupoa, hupunguza mwendo, wengine husimama. Stima ikipotea usiku wanaendelea. Kama hakuna aliyeandika mwili uliingia saa ngapi, friji ilikuwa na nyuzi ngapi na stima ilipotea kwa muda gani, hesabu imeshapata shimo ambalo hakuna profesa atakayeliziba. Ndiyo maana kazi inatakiwa ianzie shambani: kuokota mabuu wakubwa zaidi na maganda yoyote yaliyolala kwenye udongo, kuwachovya baadhi kwenye maji ya moto na kuwahifadhi kwenye spiriti, kuwaacha wengine hai ili wafugwe mpaka wawe nzi na spishi ijulikane, na kupima joto hapohapo: la hewa, la ardhi, la rundo la mabuu. Baadaye unaacha kipimajoto kinachojirekodi mahali palepale kwa siku kadhaa, ili ulinganishe shamba na kituo na ujue tofauti yao ni nyuzi ngapi. Kinachotokea kwetu mwili unapookotwa kila mtu anakijua. Chifu, umati, simu juu, picha zimefika WhatsApp kabla ya gari la polisi, mguu wa kila mtu umepita kila mahali. Sijawahi kumwona mtu na kipimajoto.

Hadithi ya zamani zaidi ya nzi na upelelezi ilikuwa na akili kuliko hizi zetu za leo. Mwaka 1247 huko Uchina, afisa aitwaye Song Ci aliandika kitabu cha mwongozo kwa wachunguzi wa vifo. Ndani yake kuna kisa cha mtu aliyeuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya mundu. Mchunguzi aliwaamuru wanakijiji walete mundu zao zote, zikapangwa chini. Hakuna iliyokuwa na damu ya kuonekana, lakini nzi walikusanyika kwenye moja. Mwenye mundu akaungama. Wengi wanaosimulia kisa hicho wanaruka jambo dogo lililomo: kulikuwa na joto. Song Ci hakuliacha nje. Bila joto nzi hawaruki, na bila nzi hakuna hadithi. Tena kisa kinakaa mahali pake. Jaribu kukileta Kabras msimu wa kukata miwa, panga zimepangwa chini, zote zinanata utamu wa miwa. Nzi watatua kwenye kila panga na utawafunga watu wote wa shamba.

Na sisi wenyewe tumeandika nini? Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina umri wa kutosha. Muhammed Said Abdulla alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, akatupa Bwana Msa na kiko chake. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Nampenda sana Bwana Msa. Anapeleleza kwa kusikiliza: nani alisema nini, kwa nini alitumia neno lile, nani ni mtoto wa nani. Siri za riwaya zile zimo kwenye ukoo, na Zanzibar yake ina harufu ya karafuu na kahawa. Lakini joto lote lile la Unguja, unyevu wote ule, halimsaidii wala halimsumbui katika kazi yake. Maiti kwenye tanzu hii kwa kawaida ni swali, si mwili. Mwili huoza, swali linabaki safi mpaka ukurasa wa mwisho. Hata Mukoma wa Ngugi, aliyeliweka neno joto kwenye jina la riwaya yake *Nairobi Heat* (2009), joto lake ni la risasi, pombe na mji. Si kosa, riwaya haina deni la kuwa kitabu cha maabara. Ila nashangaa kwamba tanzu inayoishi kwa swali la "alikuwa wapi siku ile?" haijawahi kutaka kujua siku ile inapatikana vipi.

Ngoja nikupe sababu ya kutaka. Mwaka 1959 huko Ontario, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Steven Truscott alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya msichana wa miaka 12. Mwili wa msichana ulipatikana siku mbili baada ya kupotea. Mwanapatholojia, akitegemea zaidi chakula kilichokuwa tumboni, alisema alikufa kati ya saa moja na saa mbili kasorobo usiku. Dakika arobaini na tano! Na ndizo dakika ambazo kijana alikuwa ameonekana naye. Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Karibu nusu karne baadaye kesi ilirudi Mahakama ya Rufaa, na safari hii waliitwa wataalamu wa wadudu, kwa sababu mwaka 1959 kuna mtu alikuwa ameokota mabuu, akawafuga, akaandika. Swali likawa: mayai yalitagwa kabla ya jua kutua siku ile aliyopotea, au kesho yake kulipokucha? Nzi hawa kwa kawaida hawatagi usiku. Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua likichomoza, na ya nzi ni karibu hivyohivyo. Wataalamu wakasoma kumbukumbu zilezile, joto lilelile la Juni 1959, na hawakukubaliana. Upande mmoja ulisema jioni, upande wa pili ukasema kesho yake. Agosti 2007 mahakama ilimwachilia Truscott, na haikufanya hivyo kwa neno la nzi peke yake.

Naipenda kesi hii kuliko episodi yoyote, kwa sababu hapa nzi hakuja kumaliza ubishi. Alikuja kuonyesha kwamba zile dakika arobaini na tano zilikuwa na kiburi. Na hilo liliwezekana kwa sababu kulikuwa na karatasi za joto na za mabuu, zilizoandikwa na mtu ambaye hakujua zingesomwa lini.

Sasa rudi huku. Januari 2022 tuliamka na habari za miili inayoopolewa kutoka Mto Yala, zaidi ya 20 ikiwa mochwari ya hospitali ya Yala, mingine ilikuwa ndani ya magunia. Mto ule unapita kaunti yetu kabla ya kufika Siaya. Mwili uliozama hauna nzi. Nzi anaanza kazi ukielea. Kwa hiyo hata buu aliyesomwa vizuri kabisa angekupa siku ya kuelea, na kabla ya hapo ungehitaji joto la maji. Shakahola mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na huko ni udongo uliokuwa umewazuia nzi. Kesi zote mbili swali la kwanza la familia lilikuwa ni nani huyu, na la pili, lini. Kijitabu cha mazishi kina mahali pa tarehe mbili, kuchomoza na kutua kwa jua. Mtu akiokotwa kwenye miwa au mtoni, familia inaandika siku aliyookotwa, ama siku simu yake ilipozimwa. Hiyo ni tarehe ya walio hai.

Uwezo si kwamba haupo. Pale Kasarani, Nairobi, tuna icipe, kituo cha kimataifa cha wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Watafiti wake wamepima jinsi joto linavyokuza nzi askari weusi, wale wanaofugwa ili wawe chakula cha kuku na samaki. Yaani nzi wa kulisha kuku tunamjua kwa nyuzi. Nzi wa kortini, majedwali yake mengi yametoka kwa nzi waliofugwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwa Afrika, kazi nzito imefanyika Afrika Kusini, kwa watu kama Martin Villet wa Chuo Kikuu cha Rhodes. Na nzi wa spishi moja kutoka nchi mbili si lazima wakue kwa mwendo mmoja. Kuhusu ofisi za kuitumia sayansi hii, Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona mwaka 2017. Shakahola ilipofumuka miaka sita baadaye, huduma yenyewe ilikuwa bado karatasi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, bayolojia yangu nyingi ni ya kujisomea kwenye simu, kwa hiyo sitawaambia wapelelezi jinsi ya kufanya kazi. Ugomvi wangu ni na waandishi, maana hao ndio watu wangu. Kila mara tunapomwandika nzi kama saa ya ukutani, tunawafundisha wasomaji, na kesho baadhi yao ni mahakimu, waandishi wa habari na makonstebo, kwamba tarehe ya kifo hutoka kwenye buu kama risiti kwenye mashine. Shahidi tuliyemsifu kwa kutohongeka tumemweka mahali ambapo anahongwa kirahisi kabisa: hata pesa haihitajiki, ni kuacha tu kupima.

Ile riwaya ninayoitaka ingekuwa na sura moja isiyo na bunduki wala mbio za magari. Mwili umeshaondolewa. Koplo mmoja, amechoka, anatoka Malava na bodaboda akiwa na kipimajoto kidogo kwenye mfuko wa shati. Anaingia kwenye miwa, anakifunga kwenye bua la muwa, karibu na ardhi, pale ambapo majani bado yamelala. Kila asubuhi na kila jioni kwa siku kumi anarudi kusoma na kuandika kwenye daftari la mraba, lile la hesabu. Siku ya nne watoto wameanza kumfuata. Siku ya sita mwenye shamba anakuja kuuliza polisi watamaliza lini, maana trekta la kampuni linakuja Jumatatu na miwa lazima ikatwe. Koplo anaomba mpaka Alhamisi. Mwenye shamba anauliza, wewe unangoja nani huku ndani, mtu si mmeshamchukua?

Koplo anaangalia daftari. Jana saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na nyuzi 15. Leo ni 17, kulinyesha usiku. Anaandika.